Tarakimu Sita za Marehemu Marin

Wiki iliyopita tulimwacha Tsonka Belcheva mbele ya kompyuta, mdomo wazi. Msihangaike kumtafuta. Yuko pale pale, na mdomo hajaufunga.

Kioo nacho hakijabadilika. Kimeandika kwa upole wa karani asiyekusudia kukusaidia: “Ili tuthibitishe kwamba wewe ni wewe, tumetuma tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 47.”

Inayoishia na 47 ni simu ya Marin. Marin ni mumewe, aliyemfungulia barua pepe kwa namba yake. Na Marin, kwa mliochelewa kuanza kusoma, ana miezi minane makaburini, kule juu nyuma ya mizabibu, na simu yake imo mfuko wa ndani wa koti alilozikwa nalo. Tsonka aliitia kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na kitana na pakiti ya sigara, kwa sababu katika mji wa Lom mtu haendi ahera mikono mitupu.

Basi kampuni kubwa, yenye mitambo ya kuhesabu mpaka nywele za kichwa chako, imemtumia siri maiti na sasa inasubiri ajibu. Imempa dakika kumi.

“Huenda akajibu,” alisema Yordanka, jirani wa ng’ambo ya ua. “Marin alikuwa mtu wa adabu.”

“Yordanka, usinitie wazimu. Saa ngapi sasa?”

“Saa tano kasorobo. Una muda. Yesu alimfufua Lazaro kwa muda mfupi zaidi.”

Huyu Yordanka alikaa miaka thelathini na moja kwenye mitambo ya simu ya posta, akiwaunganisha watu wa Lom na kuwasikiliza wote. Alistaafu yeye. Masikio yake hayakustaafu.

Kilichokuwa kinamsumbua Tsonka si barua zake. Nani anazitaka? Picha za harusi za watu na maelekezo ya kusindika pilipili hoho. Kilichokuwa kinamsumbua ni nyumba hii aliyokalia.

Marin, kabla hajafa, aliiandikisha nyumba kwa jina la binti yao Gergina, ili mtoto asije akahangaika na mirathi. Akili nzuri sana. Sasa Gergina yuko Valencia, Hispania, anapanga machungwa kwenye masanduku, na leo saa sita mchana kwa saa za Lom anaingia ubalozi mdogo kusaini hati ya uwakili. Yaani karatasi inayompa mtu mwingine ruhusa ya kuiuza nyumba kwa niaba yake.

Kwa nini asaini? Kwa sababu mama yake amemwandikia barua pepe, akamwomba kwa upendo asaini.

Mama yake hakuandika kitu. Mama yake hata kuingia kwenye barua pepe yake hawezi, tangu wiki iliyopita mtu asiyejulikana alipobadilisha neno la siri na namba ya simu, akajifungia ndani kama mpangaji asiyelipa.

Utasema, si ampigie simu mwanawe? Ewe msomaji mwerevu, unadhani hakupiga? Gergina ameifungia namba ya mama yake. Ndiyo maana asubuhi hii Tsonka aliazima simu ya Yordanka.

“Haloo?”

“Gergina, mwanangu, ni mimi. Usikate. Ni mama.”

Gergina hakukata.

“Hii namba ya nani?”

“Ya Yordanka, wa jirani. Yangu si umeifungia.”

“Mama aliniambia utatafuta simu nyingine.”

“Mama gani? Mama si ni mimi.”

“Mama ameniandikia. Simu yake imeibiwa, na mwizi ana mashine ya kuiga sauti. Akasema nisimsikilize hata akilia.”

Tsonka, ambaye alikuwa ameshaanza kulia, ilibidi aache.

“Basi niulize kitu. Kitu tunachokijua mimi na wewe tu.”

Gergina alifikiri kidogo. “Paka wangu wa kwanza alikufaje?”

“Alitumbukia kwenye pipa la kabichi.”

Tsonka akaanza kutabasamu.

“Hilo limo kwenye barua ya mwaka juzi,” Gergina akasema. “Tulilicheka humo. Barua zote unazo wewe. Unajua kila kitu anachokijua mama.”

“Nitazame basi kwenye video, mwanangu. Utazame sura yangu.”

“Sura nazo zinatengenezwa. Na aliyeniambia hivyo ni mama mwenyewe. Miaka mitatu, kila Jumapili ananitumia onyo. Usiamini sauti, Gergina. Usiamini sura, Gergina. Amini barua yangu tu. Kama kweli wewe ni mama, niandikie barua pepe.”

Akakata.

Mama mwenzangu unayesoma hapo, weka kikombe chini uisikie vizuri hii. Tsonka alimfundisha binti yake tahadhari miaka mitatu, mpaka mtoto akahitimu. Na mtihani wa kwanza alioupita, kwa alama zote, ni kumkana mama yake.

Walijaribu ubalozini pia. Muziki ulipigwa dakika kumi na moja. Kisha akaja mwanamke mwenye sauti iliyopigwa pasi, akasema mtu mzima ana haki ya kusaini anachotaka, na malalamiko yanapokewa kwa barua pepe.

“Kwa barua pepe,” Tsonka alirudia.

“Ndiyo, bibi. Kutoka anwani yako mwenyewe, ili tujue ni wewe.”

Kwa hiyo duniani kote, kuanzia Valencia mpaka Lom, kila mtu alikuwa tayari kumsaidia Tsonka Belcheva, mradi awe ndani ya kisanduku alichofungiwa nje.

Dakika kumi za maiti zikaisha. Kioo kikasikitika kwa niaba ya kampuni, kisha kikaeleza kwamba namba ya zamani hukubaliwa kwa siku saba tangu ibadilishwe. Leo ilikuwa ya saba. Na alibakiwa na jaribio moja tu.

“Hebu nikuulize,” Yordanka akasema. “Lile neno lako la siri lilikuwa nini? Sema tu, si siri tena.”

“Marin. Halafu na mwaka wake wa kuzaliwa.”

Yordanka alikwenda dirishani, akafunua pazia, akatazama lango la uani. Pale langoni palikuwa na tangazo la kutimiza nusu mwaka tangu kifo, kama ilivyo desturi ya Lom, karatasi yenye fremu nyeusi: picha ya Marin akiwa na tai, chini yake jina lake, na chini ya jina, kwa herufi nene, 1966.

“Umebandika mangapi?”

“Hamsini. Na kabla ya hayo, ya siku arobaini, hamsini mengine.”

“Wapi na wapi?”

“Langoni. Kituo cha basi. Duka la mkate. Nguzo zote za umeme mpaka bandarini.”

“Kuna watu huficha neno la siri chini ya godoro,” alisema Yordanka. “Wewe umelibandika kituo cha basi, na picha juu, na msalaba.”

“Nilikuwa namkumbuka mume wangu.”

“Na mwizi naye anamkumbuka. Sasa mwizi ni nani? Mtu yeyote wa Lom aliyewahi kusubiri basi.”

Tsonka akaegemeza paji la uso mezani. Watu elfu kadhaa, na yeye ana saa moja.

Hapo Yordanka, ambaye ulimi wake unauma lakini kichwa chake kinafanya kazi, akakumbuka jambo la kazini.

“Sikiliza. Namba za wafu hazikai bure. Kampuni za simu huzingoja kidogo, halafu humpa mtu mwingine. Huenda hiyo 47 sasa hivi ni ya bwana fulani huko Plovdiv, anakula mkate wake, anashangaa nani kamtumia tarakimu. Mpigie.”

“Nipigie namba ya Marin?”

“Umeshawahi kuipiga tangu azikwe?”

“Nani hupigia maiti, Yordanka?”

“Ndiyo nakuambia, piga.”

Tsonka akapiga. Akatega sikio kusubiri yule mwanamke wa kampuni anayesema namba haipatikani.

Simu ikaita.

Ikaita tena. Miezi minane chini ya udongo, mvua na theluji juu yake, na betri bado ina nguvu. Waliotengeneza simu hiyo wangesikia wangeiweka kwenye tangazo.

“Inaita,” Tsonka alinong’ona. “Yordanka, inaita.”

“Nani anapokea?”

“Hakuna. Nimeikata mwenyewe.”

Lakini Yordanka alikuwa amesimama katikati ya chumba, kidole juu, kichwa upande, kama zamani alipokuwa akisikiliza ndoa za watu zikivunjika kwenye waya.

“Piga tena. Halafu nyamaza kabisa.”

Tsonka akapiga, akanyamaza kabisa.

Na kutoka chini ya sakafu, chini ya miguu yao, ndani ya nyumba hii hii, ikaja sauti nyembamba ya akodiani ikipiga ngoma ya harusi. Ule ndio ulikuwa mlio wa simu ya Marin.

Walishuka ngazi kumi na tisa bila kuzihesabu.

Chini anaishi mama mkwe wa Tsonka, Bibi Nedyalka, miaka themanini na minne. Walimkuta jikoni, mlango wa uani uko wazi, anachoma pilipili hoho nyekundu za kuweka akiba ya baridi. Kila nyumba ya mtaa huo ilikuwa ikichoma siku hiyo, moshi mtamu umetanda mpaka kanisani. Bibi haoni vizuri na hasikii vizuri, lakini uso wake ulikuwa unang’aa kama wa mchumba.

“Leo kaniita mara mbili,” akasema, akipapasa aproni yake. “Nimemsikia akinitetemekea.”

“Nani, mama?”

“Marin.”

Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa simu. Ilikuwa yenyewe. Ule ufa pembeni, wa siku Marin alipoiangusha kwenye sakafu ya boti. Safi, imepanguswa, imechajiwa mpaka juu.

Tsonka akakaa kwenye kreti la pilipili.

“Mama. Mimi niliitia kwenye koti lake.”

“Na mimi nikaitoa, kabla hawajafunga. Kitana nilimwachia. Sigara nilimwachia. Simu nikasema hapana, humu mna sauti ya mtoto wangu, haiendi kuozea chini.” Akaiweka kifuani. “Upweke ukinishika, Bogomil huipiga kwa simu yake, ananiwekea sikioni. Isipopokelewa, namsikia Marin alivyojirekodi, nipo njiani, nitakupigia. Basi nangoja.”

Yordanka alitazama pilipili.

Bogomil ni mdogo wake Marin. Kijana mwema, mtaa mzima unasema. Miaka arobaini na sita, lakini akiwa mwema mtu huitwa kijana.

Tsonka akauliza taratibu, “Na ujumbe ukiingia, mama, nani hukusomea?”

“Bogomil, nani tena. Macho yangu haya yana ukungu. Wiki ile uliingia mmoja una namba tupu. Akasema kampuni inanitakia afya njema.”

“Akauandika mahali?”

“Aliuandika mkononi. Nikamwambia, afya yangu waijali hivyo?”

Tsonka na Yordanka walitazamana. Tangazo la kituo cha basi halikuwa na kosa, safari hii. Usijipongeze lakini, wewe uliyeweka mwaka wa marehemu kwenye neno lako la siri. Mwizi wako hajapanda basi tu.

“Bogomil yuko wapi sasa?”

“Sofia. Kung’oa jino. Tangu Jumatatu.”

“Leo Alhamisi,” alisema Yordanka. “Jino gani hilo la siku nne? Wanaling’olea kisiginoni?”

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kwenye aproni, kimechajiwa, na kinapanguswa kila asubuhi.

“Mama, nipe hiyo simu,” Tsonka akasema.

“Sikupi.”

“Dakika kumi tu.”

“Utaizima. Ulitaka kumzika nayo.”

“Siizimi, nakuapia.”

“Kuhusu redio yangu uliapa vilevile.”

Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Tsonka angeweza kumnyang’anya. Mikono yake ya kushona mashati kiwandani ina nguvu, na kizee kile kina uzito wa kuku. Hakumnyang’anya. Alipiga magoti mbele yake, akamshika magoti.

“Mama, nisikilize. Bogomil anauza nyumba.”

“Nyumba ya nani?”

“Hii. Uliyokalia wewe. Gergina anasaini saa sita.”

Bibi akageuza pilipili moja, akaigeuza tena.

“Bogomil hawezi. Jana alinipigia akaniuliza kama nimekula.”

“Alikuuliza na kama simu ya Marin ina chaji?” Yordanka akadakia.

Bibi Nedyalka alizima jiko, akafunga mfuniko, akajifuta mikono kidole kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono.

“Nishikeni. Twende juu tukamsafishe mwanangu jina.”

Ngazi kumi na tisa. Zile walizoshuka kwa pumzi moja, sasa walizipanda kama wanaopeleka masalia ya mtakatifu. Ngazi ya saba bibi alipumzika. Ya kumi na moja alikumbuka kwamba hakufunga mlango wa uani, Yordanka akarudi kuufunga. Ya kumi na tano alitaka kujua Gergina anakula nini huko Hispania.

“Machungwa, mama. Panda.”

Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili, Tsonka alikaa mbele ya kompyuta, vidole vinanuka moshi. Bibi alikaa kando, simu ameikumbatia. Yordanka akasimama nyuma.

Jaribio la mwisho. Tsonka akabonyeza.

Akodiani ikalia mara moja, fupi. Bibi akashtuka, akaigeuza simu kidogo tu, kiasi cha mtu mwingine kuchungulia bila kuigusa.

“Nne,” alisoma Yordanka. “Sifuri. Sifuri. Nane. Moja. Nane. Usikosee, shoga, hakuna ya pili.”

Tsonka aliandika kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akabonyeza.

Kioo kikawaza. Kikazungusha kiduara chake, kisicho na haraka duniani.

“Karibu tena, Tsonka.”

Hakuna aliyeshangilia. Yordanka alijifanyia ishara ya msalaba, yeye ambaye kanisani huenda kuangalia nani kavaa nini.

Barua zilikuwa mle, zote, na juu yake nyingine ambazo Tsonka hakuwahi kuziandika, kwa jina lake. Zilikuwa barua nzuri. Koma zimekaa mahali pake. “Malaika wangu Gergina,” zilianza.

“Anaandika vizuri kuliko mimi,” alisema Tsonka.

“Na ana upendo zaidi,” alisema Yordanka. “Wewe humwita malaika?”

Chini ya barua moja ilikuwa imeambatishwa hati yenyewe. Tsonka akaifungua, akatafuta jina la anayepewa ruhusa ya kuuza. Akaliona.

“Wameandika nani?” Bibi akauliza.

“Mama, tuache kwanza.”

“Nisomee.”

Tsonka akamsomea. “Bogomil Belchev.”

“Soma tena.”

Akasoma tena.

Bibi akatikisa kichwa polepole. “Ni jina la baba yangu. Nilimpa mimi.”

Aliirudisha simu ya Marin kwenye aproni, akauelekeza uso ukutani.

Tsonka hakuwa na muda wa kumbembeleza. Saa sita kasorobo. Juu ya kioo ulikuwa umetokea mstari wa njano, wenye adabu zake: “Je, ungependa kubadilisha neno la siri na kuviondoa vifaa vingine vilivyo ndani ya akaunti yako?” Pembeni vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa Sasa. Kingine kiliandikwa Baadaye.

Mtoto wake alikuwa anasaini baada ya robo saa. Tsonka alibonyeza Baadaye.

Mama yeyote angefanya hivyo. Ndiyo maana wezi wanawapenda akina mama.

Akaandika, bila koma hata moja: “Gergina usisaini ni mimi mama yako wa kweli usisaini kitu.” Akatuma.

Wakangoja. Yordanka alihesabu kwa sauti ya chini, zoea la kazini. Alipofika tisini na sita, jibu likaingia.

“Mama, mbona umechelewa? Foleni ilikuwa fupi, nimesaini zaidi ya nusu saa iliyopita. Karatasi iko kwenye mkoba wangu. Kwani kuna nini? Baba mdogo Bogomil yuko hapa, amekuja kuichukua mwenyewe kama ulivyosema kwenye barua. Tuko mkahawani, amekwenda kutununulia kahawa.”

“Kumbe jino liko Valencia,” alisema Yordanka.

Tsonka alikuwa hasikii. Karatasi bado iko mkobani. Bado iko mkobani. Aliandika haraka mpaka herufi zikapandana: “Usimpe. Yeye ndiye mwizi. Toka hapo rudi ubalozini waambie waifute.” Akatuma.

Jibu likaja upesi, fupi.

“Anarudi mezani. Anaangalia simu yake. Ananiuliza namwandikia nani.”

Tsonka akainua mikono kuandika. Haikufika kwenye herufi.

Mbele ya macho yake, barua yake ya kwanza ikatoweka kwenye orodha. Haikufutwa na yeye. Ikafuata ya pili. Palipokuwa nazo pakabaki peupe, kama ukuta uliobanduliwa picha.

“Umebonyeza nini?” Yordanka akauliza.

“Sijabonyeza.”

“Umefuta.”

“Yordanka, itazame mikono yangu.”

Mikono ilikuwa hewani. Na chini ya mikono hiyo, kwenye orodha ya barua zilizotumwa, ikachomoza barua mpya, kwa jina la Tsonka Belcheva, koma zote mahali pake:

“Malaika wangu, samahani, mwizi alikuwa ameingia tena. Hizo mbili usizisome. Mpe baba mdogo karatasi, unywe kahawa yako, usiogope. Mama.”

Ukirudi nyumbani kwako ukamkuta mwizi sebuleni, huendi jikoni kupika. Unamtoa kwanza. Tsonka alikuwa amefungua mlango, ameingia, amekaa mezani kuandika barua, na mwizi yuko kiti cha pili, ana ufunguo wake mfukoni, anasoma juu ya bega lake kutoka mkahawa wa Valencia.

“Badilisha neno la siri,” Yordanka alisema. “Sasa hivi. Kile cha njano kiko wapi?”

“Kimeondoka.”

“Kitafute.”

Tsonka alianza kutafuta, anafungua hiki, anafunga kile, macho yamejaa maji. Kabla hajakipata, barua ya Gergina iliingia. Safari hii haikuanza na mama.

“Naona mko wawili humo ndani. Sijui yupi ni yupi. Paka na mambo mengine yote yamo kwenye barua, nyote mnayajua. Lakini kuna moja ambalo sijaliandika popote. Siku ya mwisho ya baba hospitalini nilikuwa nimeficha uso kifuani pake nalia, naye akasema neno moja, kwa sauti ndogo sana. Mama alilisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Aniandikie neno hilo. Atakayelisema kweli, karatasi nitaifanya atakavyo.”

Yordanka akapumua. “Haya, Mungu yupo. Liandike upesi, kabla hajabahatisha.”

Tsonka hakuandika.

“Tsonka. Neno gani alisema?”

Siku ile Tsonka alikuwa korido, anagombana na nesi kwa ajili ya blanketi. Aliporudi, Marin alikuwa ameshakwenda. Miezi minane Gergina amekuwa akimshukuru kwa mkono ule, na miezi minane Tsonka hakupata moyo wa kumwambia mtoto kwamba mkono ule haukuwa wake.

Chumbani alikuwemo mtu mmoja tu zaidi. Na sasa hivi, huko mkahawani, ameshika simu na anaanza kuandika jibu.